Pumzi Niliyoivuta Lugoba

Meno yangu matatu ya mbele, haya unayoona hayapo, hayakung'olewa na daktari. Watu wa Zinga wamezoea kusema nilianguka kutoka juu ya lori, na kwa miaka miwili nimewaacha waseme. Leo nakwambia wewe ilivyokuwa. Ukitaka kucheka, cheka, lakini ukishamaliza njoo utie kidole hapa begani uone mfupa ulivyounga vibaya, kisha uniambie kama mfupa huo niliuota.

Mimi ni fundi wa pampu za dizeli. Ndiyo, mwanamke. Baba hakupata mtoto wa kiume, akanifundisha mimi. Walionuna wakanuna, na lori zao wakazileta hivyo hivyo. Gereji yangu iko kando ya barabara ya Dar, uwanja uliozungushiwa mabati pande tatu, mchanga wake mweusi kwa oili. Mume wangu anaitwa Kondo. Ni dereva wa tipa, anabeba kokoto kutoka machimbo ya Lugoba kuwaletea wajenzi wa Bagamoyo. Tipa ni letu sote wawili. Yeye analiendesha, mimi nalitibu, na hatujamaliza kubishana ni nani anayeliharibu.

Machimbo yale yana vumbi la kuua. Lori letu lilikuwa linavutia hewa chini, karibu na gurudumu, na kila wiki eya klina, lile chujio la hewa, ilikuwa imejaa unga wa mawe kama gunia la sembe. Likipanda kilima lilikohoa mpaka Kondo akaona haya mbele ya madereva wenzake. Akaanza kunisumbua.

"Mke wangu, litafutie lori pua ndefu. Wenzangu wote wanavutia hewa juu ya kibini, mimi peke yangu navuta michanga."

Nikaenda Lugoba kwa Mzee Pazi, ambaye kazi yake ni kufungua magari yaliyopata ajali na kuuza vipuri.

"Shikamoo, Mzee Pazi."

"Marahaba, fundi. Umefuata mfupa gani leo?"

Ndivyo anavyoviita vipuri vyake. Akanitolea bomba la hewa refu, jeusi, nene kama paja, lenye kichwa cha kofia. Nikamuuliza limetoka kwenye gari gani. Hakunificha. Lori lilikuwa limepiga mwamba, usukani ukamwingia dereva kifuani, na yule bwana alikaa mle ndani muda mrefu akihema, watu wakihangaika na mitaimbo. Walipofanikiwa kuufungua mlango, pumzi ilikuwa imeshamwishia.

"Basi ulifanyie mambo yake," akasema Mzee Pazi, nami nikamjibu kwamba nimesikia.

Sisi mafundi wa pwani hatufungi hivi hivi kipuri kilichotoka kwenye gari lililoua. Tunakiosha kwa maji ya bahari, kinasomewa, kinaanikwa juani kutwa nzima. Usije ukanidhania mmoja wa wale wanaodharau. Nililipeleka bomba lile pwani ya Kaole mimi na Kondo, nikaliosha mara tatu ndani na nje, yeye akasoma anachojua kusoma, tukalianika. Tuliyafanya yote. Niamini, bomba lilikuwa safi.

Asiyeoshwa ni mimi.

Maana fundi hanunui bomba bila kulipima. Likiwa na ufa mwembamba kama unywele, vumbi litapita na injini itakufa ndani ya mwezi. Nilivyofundishwa na baba ni hivi: unaziba midomo yote miwili mikubwa kwa vipande vya mpira wa tyubu, unafunga kwa waya, halafu kwenye kile kimrija kidogo kinachotokeza ubavuni unaweka mdomo wako unavuta. Mipira ikibonyea ndani na kukaa hivyo, bomba ni zima. Ndivyo nilivyofanya pale pale kwa Mzee Pazi, kabla ya bahari, kabla ya kisomo. Nilivuta pumzi moja ndefu mpaka mipira ikabonyea. Ladha yake naikumbuka hadi leo: unga wa mawe, na kitu kama chuma kilicholowa. Nikatema mate, nikafunga bomba kwenye pikipiki nikarudi nyumbani.

Siku tatu nilikohoa. Kifua kilikuwa kizito kama nimebeba mtu. Kondo akanitania kwamba sasa nimejua adha iliyokuwa ikilipata lori.

Siku ya nne tukalifunga bomba. Sasa kazi ya pampu ndiyo ikaanza, nisikilize vizuri hapa. Ukilipa lori pua pana, hewa inayoingia inaongezeka, lakini mafuta yanabaki yale yale ya zamani. Injini inakuwa nyepesi, haina nguvu. Inabidi uiongezee dizeli kwa kuzungusha skrubu iliyo nyuma ya pampu, robo kwa robo, huku unasikiliza na kutazama moshi. Ukizidisha, moshi unakuwa mweusi na injini inajichoma yenyewe. Na kuna kimrija kinachoiarifu pampu hewa inavyoingia. Hicho nacho tunakipima kwa mdomo, safari hii kwa kupuliza. Nikaweka mdomo, nikapuliza kwa nguvu.

Kikohozi kikaisha palepale. Kifua kikawa chepesi kabisa. Nikafurahi, mjinga mimi, nikamwambia Kondo awashe.

Ilikuwa adhuhuri, jua la utosini. Adhana imekwisha, majirani wote wameelekea msikitini, na yule mama muuza chakula wa ng'ambo ya barabara ameshusha turubai lake amelala. Kondo naye alitakiwa awe msikitini, lakini alikuwa na mzigo Lugoba alfajiri ya kesho yake, tukasema tumalize. Yeye akakaa kwenye kibini akishikilia resi, mimi nikiwa chini nimeinamia pampu, bisbisi mkononi. Uwanja mzima tulikuwa wawili tu, pamoja na mbuzi wa jirani aliyekuwa akitafuna maganda.

Nikazungusha robo. Injini ikajaa, sauti nzuri. Nikahesabu kumi, ikapwaya tena kana kwamba sijagusa kitu. Nikaongeza robo nyingine. Ikajaa, ikapwaya. Miaka yote niliyofanya kazi hii sijawahi kuona pampu ya namna hiyo. Nikamwambia Kondo ashushe resi, nikapanda kwenye bampa, nikaweka sikio kwenye mdomo wa bomba.

Wewe unajua, au kama hujui nakwambia: bomba la hewa linavuta tu. Halina kazi ya kutoa. Lile lilinivuta nywele kwanza, mtandio ukanasa, halafu likanipumulia sikioni. Hewa ya moto. Likavuta tena, likapumua tena, taratibu, kama mtu aliyepanda ngazi.

Nikashuka. Nilijiambia valvu zimekosea, ndilo jambo pekee la akili nililoweza kulifikiria. Nikarudi kwenye pampu, Kondo akapandisha resi. Nikiwa nimeinama nikaona kivuli karibu na gurudumu la mbele. Gereji watu wanaingia na kutoka kutwa, na mdomo wangu una mazoea, sikuinua hata kichwa.

"Karibu," nikasema.

"Habari ya kazi, fundi."

"Nzuri."

"Unakosea," akasema. "Unaiwekea mafuta ya hewa ya mtu mmoja. Humu tupo wawili."

Hapo ndipo nilipoinua kichwa. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati la mikono mifupi, mwili mzima umejaa unga wa kokoto mpaka kwenye kope. Kifuani shati lilikuwa limedidimia. Alama ya duara, kamili, ya usukani, imezama ndani kiasi kwamba ungeweza kuweka bakuli. Mdomo wake ulikuwa wazi. Na kifua kile, Mungu wangu, kilikuwa hakiendi juu wala chini.

Nilitaka kupiga kelele. Kabla sijapata sauti, alikuwa hayuko tena mbele yangu. Nilimwona kupitia kioo, ameketi kibini ubavuni mwa mume wangu. Mlango haukufunguliwa, nakuapia. Akaweka mguu wake juu ya mguu wa Kondo, akaukanyaga pamoja na pedali mpaka mwisho.

Injini ikalia. Sijui nikueleze vipi sauti ile. Mabati yalitetemeka, spana zikaanza kutembea zenyewe mezani. Nikapiga kelele "Zima! Zima, Kondo!" nikaona mkono wake unazungusha ufunguo, injini haisikii. Nikakata mrija wa dizeli kwa koleo, dizeli ikanimwagikia machoni. Haisikii. Nikaona moshi wa buluu, nikajua. Oili ilikuwa imepata njia ya kuingia kwenye hewa, na injini ya dizeli ikishaanza kunywa oili yake yenyewe haikuhitaji wewe wala ufunguo wako. Itakimbia mpaka ipasuke. Dawa yake ni moja tu, kuikaba pumzi.

Rejeta ikapasuka kwanza. Maji ya moto yalinichuna mkono huu kutoka kiwiko hadi kiganja. Halafu feni ikavunjika, panga lake moja likaruka likapita kwenye bati kama kisu kwenye karatasi. Mbuzi wa jirani alikuwa upande wa pili. Nilimwona akianguka vipande viwili, miguu ya nyuma bado inapiga mchanga.

Ndani ya kibini yule mtu alikuwa amemshika Kondo koo kwa mikono miwili, amembamiza kichwa kwenye kioo. Kioo kikapata damu. Nikanyakua spana kubwa ya magurudumu, nikapanda, nikavunja dirisha, nikampiga yule mtu kifuani kwa nguvu zangu zote. Spana ilizama ndani ya lile shimo hadi kwenye vidole vyangu, mle ndani kukawa baridi. Hakutikisika. Aliichomoa mwenyewe, taratibu, akanipiga nayo mdomoni. Meno yakaniingia kooni. Pigo la pili likanivunja bega, nikaanguka chini chali.

Niliinuka. Sijui kwa nguvu gani, labda hasira. Nilikuwa na hasira kuliko hofu wakati huo, nataka ujue hilo kwa sababu ya litakalofuata. Sufuria yetu ya chakula cha mchana ilikuwa kwenye meza. Nikachukua mfuniko wake, nikapanda bampa kwa mkono mmoja, nikaubamiza kwenye mdomo wa bomba. Ulinasa kwa kishindo. Injini ikakwama, ikashuka, ikaanza kufa.

Na Kondo akaanza kufa pamoja nayo.

Nilimwona kupitia kioo. Yule mtu hata hakuwa amemshika tena. Kondo alikuwa anajikwaruza shingo kwa kucha zake mwenyewe, macho yamemtoka, midomo imegeuka rangi ya majivu. Nikaubandua mfuniko. Injini ikalia upya, chuma kikaanza kugonga chuma, na mume wangu akavuta hewa. Nikafunika. Akakauka. Nikafungua. Unaelewa? Walikuwa na koo moja. Nikikaba, namuua kwa mkono wangu. Nikiachia, injini itapasuka pale pale miguuni kwake.

"Unataka nini?" nikamlilia yule mtu, damu inanitoka mdomoni. "Sema unachotaka!"

Akanigeukia. Injini ilikuwa inanguruma namna ile, na bado nilimsikia kama amekaa pembeni yangu jamvini.

"Pumzi yangu uliivuta wewe kule Lugoba, ukaipulizia kwenye chuma. Chuma hakinitoshi, fundi. Nipe kifua." Akaweka kidole kwenye lile shimo lake. "Chako au chake?"

Sasa sikiliza. Hadi hapa Kondo anajua. Nimemsimulia na yeye mwenyewe anakumbuka mengi. Hili linalofuata hajui, na ukikutana naye usimwambie.

Mimi ndiye niliyevuta. Mimi ndiye niliyepuliza. Hata ile karibu ilitoka mdomoni mwangu. Jibu lilikuwa moja, mtoto wa madrasa angelijua. Lakini nilimtazama yule mtu, kope zile za unga, mdomo ule wazi, nikafikiria anaingia ndani yangu, analala mle ndani. Hasira yote ikaniishia, ikabaki hofu. Nilinyoosha kidole, nikamwonyesha mume wangu.

Injini ikazima. Si kwa kupasuka. Ilizima yenyewe, kama mtu amezungusha ufunguo.

Waliporudi kutoka msikitini walitukuta mimi nimekaa mchangani na Kondo amelalia usukani, anapumua. Zahanati wakasema ni moshi na mshituko. Mwenye mbuzi alipiga kelele za kutosha, akatulia. Tipa lilivutwa likauzwa chuma chakavu, bomba nililikata kwa msumeno vipande vipande nikavizika.

Kondo akapona. Watu wakaja kutupa pole, wakala, wakaondoka. Usiku wa kwanza baada ya wageni kuondoka nililala ubavuni mwake, na masikio yangu, ambayo nimeyafundisha injini tangu utoto, yakasikia. Alikuwa anavuta pumzi mara mbili kabla ya kutoa mara moja. Ya kwanza ni yake, naijua, ina kafilimbi kadogo puani. Ya pili ni nzito, ya mtu aliyepanda ngazi.

Anakula sahani mbili. Mwanzoni niliona ni njaa ya mgonjwa anayepona, nikampunguzia, nikamwekea moja. Adhuhuri ya siku hiyo alisimama mezani, akanishika koo kwa mkono mmoja, akaninyanyua mpaka vidole vya miguu vikaachia sakafu. Macho hayakuwa yake. "Habari ya kazi, fundi," akaniambia. Aliponiachia nilianguka nikavunjika kidole. Jioni alinikandia kile kidole kwa maji ya moto huku analia, haelewi amefanya nini, anauliza kama ni yeye kweli. Nikamwambia nilijibana kwenye mlango.

Tangu hapo napima. Nikimpa chakula kidogo ananipiga. Nikimzidishia hapati usingizi, anazunguka nyumba nzima akitaja kona za barabara ya Lugoba ambazo hajawahi kuniambia. Sahani mbili, maji mengi, madirisha yote wazi saa sita mchana. Hapo anatulia. Hiyo ndiyo kazi yangu sasa, ile ile ya zamani.

Dada zangu wananiambia niondoke kabla hajaniua. Wanasema mwanamume akishazoea kupiga hana dawa. Nami siwezi kuwaambia kwamba anayenipiga si Kondo, na kwamba nikiondoka nitakuwa nimemwacha Kondo ndani na mgeni niliyemkaribisha mimi. Kila anaponipikia chai asubuhi na kuniambia kwamba isingekuwa mimi angekufa siku ile, natamani ardhi inimeze. Ananishukuru, unasikia? Ananishukuru.

Basi wewe unayenunua vipuri kwenye magari ya ajali, nunua, maisha ni magumu, sikukatazi. Vioshe, visomee, vianike. Lakini usiweke mdomo wako kwenye bomba usilojua nani alikuwa wa mwisho kuhema ndani yake. Na mtu akija gerejini kwako saa ya adhuhuri, inua kichwa umtazame kifua kabla hujasema karibu.

Wiki hii zile pumzi mbili zimeanza kupishana vibaya. Moja inachoka, nasikia kila usiku inavyokatika na kuunga. Nimejaribu kuongeza chakula, nimejaribu kupunguza. Karibuni itabaki moja tu, nami nalala macho wazi nikisikiliza kama itakayobaki ni ile yenye kafilimbi.